Njuga za Fungo

Paukwa!
Pakawa!

Sogeeni, wadogo kwa wakubwa. Zamani hizo wanyama wakinunua na kuuza, palikuwa na Fungo. Fungo alikuwa na duka dogo njiapanda ya msituni. Aliuza chumvi. Na chumvi ilitoka. Kila mwenye mtoto alikuja, maana mtoto hakui bila chumvi, na kila aliyekuja alinunua.

Basi Fungo akaenda gulio la ng'ambo ya mto, akaona njuga. Zinang'aa, zinalia njigi-njigi, njigi-njigi. Akapendezwa yeye, akadhani msitu mzima umependezwa. Akabeba magunia kwa magunia. Akazitundika ukutani, akazitundika mlangoni. Wateja wakaja. Wakanunua chumvi, wakaenda zao. Njuga zikajaa vumbi. Buibui akahamia.

Fungo akanuna. Akawaita wateja washamba, wasiojua kizuri. Katika msitu mzima, mwenye macho alikuwa yeye peke yake.

Bi Digidigi, mdogo wa mwili lakini si wa akili, akamwambia kwa upole, "Bwana Fungo, sisi tunaishi kwa kunyamaza. Nani atanunua kelele? Mpunguzie bei Tembo, yeye hamwogopi mtu."

Fungo akacheka kwa pua. Kupunguza bei kwake kulikuwa sawa na kuvua nguo gulioni. Akawaza, akawazua, akapata hila. Akatangaza: hakuna chumvi bila njuga. Na njuga haichukuliwi mkononi, maana wataitupa kichakani. Ataifunga mwenyewe mguuni mwa mteja, kwa kamba ya ngozi, fundo juu ya fundo.

Wenye watoto wafanyeje? Wakanyoosha miguu. Wakafungwa. Wakaondoka njigi-njigi, njigi-njigi. Ukuta ukabaki mtupu. Fungo akafagia utando wa buibui huku anaimba. Alijiona bingwa wa biashara.

Chui alikuwa amejilaza kichakani, njaa imemlegeza. Akasikia chakula kinajitangaza. Akainuka. Akamkamata Kanga njiani, na chumvi yake kwapani. Akamfukuza Bi Digidigi, naye akaponea kwenye ufa wa mwamba, akaitafuna kamba mpaka fizi zikatoka damu.

Akarudi dukani anachechemea. Akaiweka njuga mbele ya Fungo. Kabla hajasema neno, Fungo akamwambia bidhaa ikishauzwa hairudishwi.

"Mimi nimekuletea yangu," alisema Bi Digidigi. "Ya Kanga atakuletea Chui."

Fungo akageuka. Akautazama ule ukuta mtupu, na safari hii haukumfurahisha. Je, aliomba radhi? Thubutu. Alinong'ona kwamba Kanga siku zote alikuwa mzito wa kutembea.

Habari zikaenea. Wanyama wakatafuna kamba zao, wakazitupa njuga, wakaligeuzia duka kisogo. Wakaenda ukingoni mwa mto, wakalamba udongo wenye chumvi, kimya kimya. Fungo akangoja. Masika yakaja. Chumvi isiyo na mnunuzi ikalowa, ikayeyuka, tiriri, tiriri, mpaka nje. Fungo akakimbia na vibuyu kuikinga. Akaambulia matope.

Mwishowe hamu ya chumvi ikamvuta na yeye mtoni. Wanyama wakamwona. Hakuna aliyemtukana, hakuna aliyemsalimu. Wakamwachia upande wa chini, palipovurugwa na nguruwe. Akainama, akalamba.

Basi mjue: ukinunua kibaya, kibebe mwenyewe, ukimfunga mteja mzigo wako, utampoteza yeye na duka pia.

Ngano yangu imekomea hapo. Mwenye duka na asikie.