Mguu wa Bi Mize

Paukwa!

Pakawa!

Aa, pakawa gani hiyo, ya watu wasiokula tangu jana? Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa nimewasikia. Hapo kale, kale ya babu wa babu zenu, palikuwa na kijiji kati ya mto na kilima. Kijiji hicho kilibahatika sana. Kilikuwa na Jumbe aliyejua kila kitu. Jina lake Jumbe Vuai. Alijua mvua itanyesha lini, ikishanyesha. Alijua ng'ombe yupi ataugua, akishakufa. Watu walimsikiliza, wakainamisha vichwa, wakasema, "Hewala, Jumbe." Wangesema nini tena?

Jumbe alikuwa na mchongaji wake, Fundi Pandu. Kwa bahati tu, Fundi Pandu alikuwa pia shemeji yake. Fundi huyu alichonga vitu vya kupendeza macho. Siku moja alimchongea mke wa Jumbe mwiko. Aliuchonga kwa mwarobaini, maana mwarobaini ulikuwa nyuma ya nyumba yake na msituni ni mbali. Mwiko ukang'aa! Lakini ugali ukawa mchungu. Mchuzi ukawa mchungu. Hata uji wa watoto ukawa mchungu. Nyumba nzima ikala mwezi mzima, ikakunja uso, ikasifu: "Mwiko mzuri huu!" Nani angemwambia shemeji wa Jumbe kwamba mwiko wake mchungu?

Na palikuwa na Mzee Ngwali. Huyu ndiye ninayemkumbuka leo. Mzee Ngwali alichonga mipini ya majembe, vinu na michi, na mbuzi za kukunia nazi. Akiletewa gogo, alilishika, akalinusa, akaligonga, ngo, ngo, ngo, akaweka sikio. Kisha akauliza, "Unataka kufanyia nini?" Basi, hana neno jingine. Na kwa kuwa hakujisifu, kijiji kilimhesabu mjinga.

Sasa, mkunga wa kijiji alikuwa Bi Mize. Hakukuwa na mwingine. Nusu ya watu wale walipita mikononi mwake wakiwa hawajui hata kulia. Siku moja akawa anavuka mto kwenda kumzalisha mtu. Chubwi! Mamba akamdaka. Watu wakaja na mikuki, wakapiga, wakapiga. Bi Mize wakampata. Mguu wake wa kulia, kutoka chini ya goti, hawakuupata.

Aliuguzwa miezi sita, jeraha likapona. Akajaribu kutembea kwa magongo. Lakini nyumba nyingi zilikuwa kilimani, na kilima kile ni mawe matupu. Magongo yakateleza. Akaanguka mara tatu kabla hajafika nusu ya njia, akarudishwa amebebwa.

Jumbe akaitisha baraza.

"Bi Mize apewe mguu wa mti," akasema. "Na mguu wa mkunga wangu utakuwa wa mpingo! Mti wa heshima! Mti wa masultani!"

"Hewala, Jumbe!"

Mzee Ngwali akasimama. "Jumbe, mpingo ni mti mzuri. Lakini mzito huo, hata majini unazama. Bi Mize anataka kuutazama mguu wake, au kuutembelea?"

Jumbe akacheka. Fundi Pandu naye akacheka, akageuka kutazama kama Jumbe bado anacheka, akaona bado, akaendelea.

"Mzee, wewe kachonge mipini," Jumbe akasema.

"Sawa," akasema Mzee Ngwali. Akaenda kuchonga mipini.

Bi Mize alikuwa amekaa pale pale barazani. Hakuulizwa. Aulizwe kwa nini? Yeye alikuwa mwenye mguu tu.

Fundi Pandu akachonga. Akachonga maua, akachonga nyota, akachonga mwezi mchanga karibu na kisigino, ingawa kisigino hakikuwepo. Watu wakaja kuutazama ule mguu kama wanatazama bibi harusi. Bi Mize akafungwa mguu huo. Akainuka. Di! Akapumzika. Di! Akashika ukuta. Di! Siku ya tatu goti lake limevimba kama fenesi. Lakini maua yalikuwa mazuri, hilo lazima tuseme.

Siku ya nne, asubuhi, akaja mtu mbio. Hadia, mke wa mwindaji, ameshikwa na uchungu, nyumba ya juu kabisa. Bi Mize akaondoka saa ile ile. Di! Di! Di! Akafika jua limeinamia magharibi. Mtoto alikuwa amekwisha kuzaliwa, kitovu kimemzunguka shingoni, na hapakuwa na mtu aliyejua kukitoa kabla pumzi haijakatika. Bi Mize akamwosha mtoto yule, akamfunga kwa nguo safi, akampa mama yake amtazame.

Hapo mimi sina la kucheka. Nyamazeni kidogo.

Haya. Jumbe akaitisha baraza jingine.

"Kosa ni la mpingo," akasema. "Mzito umeshindwa, basi tuchukue mwepesi kuliko yote. Msufi!"

"Hewala, Jumbe!"

"Msufi unavunjika, Jumbe," akasema Mzee Ngwali. "Mimi hata mpini wa kisu sifanyi kwa msufi."

"Mzee, jana mzito hutaki, leo mwepesi hutaki. Wewe unataka nini?"

"Nataka Bi Mize aulizwe."

"Bi Mize si fundi," akasema Fundi Pandu.

Wakauchonga mguu wa msufi. Mwepesi kama kapu tupu! Bi Mize akatembea siku mbili bila maumivu, na watu wakatunga wimbo wa kumsifu Jumbe, beti saba, kiitikio kirefu.

Siku ya tatu ikawa zamu ya nyumba ya Jumbe mwenyewe. Binti yake, Kazija, aliolewa ng'ambo ya kilima, na mimba yake ya kwanza ikafika wakati wake. Ikaja habari kwamba mtoto ametanguliza miguu. Bi Mize akafunga mguu wake, akapanda kilima. Alipofika katikati, penye mawe makubwa, kwaa! Mguu ukakatika vipande viwili.

Akaita, hakuna mtu. Aliyeleta habari alikuwa ametangulia mbio kuwaambia kwamba mkunga yuko njiani. Bi Mize akatazama juu, akatazama chini. Akajifunga kanga kiunoni, akatambaa. Kwa viwiko, kwa goti, kwa tumbo. Mawe yakamchuna. Akatambaa. Alipofika mlangoni kwa Kazija viwiko vyake vilikuwa vyekundu. Akasema, "Leteni maji ya moto, niosheni mikono kwanza." Akamgeuza mtoto, akamvuta taratibu, taratibu, akambembeleza mama. Mtoto akatoka, akalia. Kazija akalia naye.

Baadaye Jumbe akaja na watu wake, amejaa furaha. Akamkuta Bi Mize amekaa chini, mgongo ukutani.

"Umeona?" akasema. "Mguu umekufikisha!"

Bi Mize akamwonyesha viwiko vyake.

"Jumbe, mguu wako uko kule mawe makubwa, vipande viwili. Nenda ukauokote. Mimi nimefika kwa tumbo. Na kesho mtanibeba hadi kwa Mzee Ngwali, wala sitaki baraza."

Kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, Jumbe hakujua.

Wakambeba. Mzee Ngwali akamkalisha kwenye mkeka, na siku ile hakushika hata tezo. Aliuliza tu. "Ukizalisha unachuchumaa au unapiga magoti? Mguu ulikuuma wapi, mbele au nyuma? Unashuka kilima upande upande, au moja kwa moja?" Bi Mize akajibu yote. Alikuwa na majibu tangu zamani. Kesho yake mzee akapanda kilima peke yake kwenda kuitazama njia, akarudi anahema.

Akaleta vipande vya miti, akampa mmoja mmoja aushike.

"Huu mvule. Unafaa mlango. Wewe si mlango." Akautupa pembeni. "Huu mwembe. Ukishalowa maji ya mto mara mbili tatu, wadudu watautafuna." Akautupa. "Shika huu."

Bi Mize akaushika. Akaukunja kwenye goti lake zima. Ukapinda kidogo, ukarudi.

"Mkole," akasema Mzee Ngwali. "Tunafanyia pinde, tunafanyia mipini ya majembe. Ukigonga jiwe, kishindo kinaishia humo humo, hakifiki mkononi. Basi hakitafika gotini. Na pale goti linapokalia, nitakuchongea kikombe cha msufi."

"Msufi! Ule ulionitupa kilimani?"

"Msufi ni laini, mama. Waliubebesha mzigo, na kazi yake ni kukaliwa. Nitauzungushia ngozi ya mbuzi, hautapasuka."

Mti ukakatwa, ukawekwa kivulini. Jumbe akatuma mtu: "Bado?" Mzee akajibu, "Mti bado una maji." Akatuma tena: "Bado?" "Una maji." Mwezi ukapita, ukapita wa pili. Ndipo Mzee Ngwali akaligonga gogo, ngo, ngo, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akachonga. Hakuweka ua, hakuweka nyota. Ulikuwa mguu mbaya kweli kweli kutazama, kama mchi uliokosewa. Bi Mize akaufunga, akasimama, akatoka mlangoni bila kushika ukuta. Ko, ko, ko. Akapanda kilima, akashuka. Aliporudi alikuwa analia, na Mzee Ngwali alikuwa amekwisha kuanza mpini mwingine.

Jumbe, bila shaka, akaitisha baraza. Akasimama mbele ya watu, akaeleza kirefu jinsi yeye alivyowajaribu kwanza kwa mpingo, kisha kwa msufi, makusudi, ili wapate kujua thamani ya mkole. Watu wakapiga makofi. Mzee Ngwali akapiga makofi kuliko wote, maana alitaka yaishe akaendelee na kazi. Jumbe alipokuwa katikati ya maneno, mtu akaita kutoka kilimani. Bi Mize akainuka, akapita mbele ya Jumbe pasipo kuomba radhi, ko, ko, ko, akashika njia. Watu wote wakageuza shingo kumtazama anavyopanda. Jumbe akaendelea kusema, lakini walikuwa wanasikiliza mguu.

Ndiyo hivyo, wanangu. Mti haujui nani Jumbe. Ukitaka kuchonga kitu cha mtu, mwulize kwanza huyo mtu, hata kama kumwuliza kunakuchosha. Na ngano yangu nimeishusha hapo.