Sungura Aliyeitwa Mbonea

Isome polepole hadithi hii, kisha mpe mwenzako naye aisome. Si ndefu, wala si tamu.

Mzee Mbonea alikuwa mkulima wa tangawizi milimani. Nyumba yake ilikuwa na watu wengi, kisha ikawa na wachache. Mdogo wake Sengondo alifariki. Baadaye akafariki binti yake, na mzee akabaki na mtoto wa huyo binti, Naetwe.

Baada ya mazishi, Naetwe alinyamaza. Alikula akiambiwa kula, alilala akiambiwa kulala. Mama yake mdogo alipoona hivyo akamletea sungura wawili wachanga, ndugu wa tumbo moja, wote madume.

Kesho yake mtoto alizungumza.

"Babu, huyu mnene anaitwa Mbonea. Na huyu ni Sengondo."

"Mbonea si mimi?"

"Na yeye pia. Anakula kama wewe. Hajameza jani hili, ameshashika lingine."

Mzee alicheka mpaka machozi yakamtoka. Babu na mjukuu ni watani, na utani ule ulikuwa sauti ya kwanza ndani ya nyumba tangu msiba. Basi majina yakabaki. Jioni ungemsikia Naetwe bandani, "Mbonea, mwachie mwenzio!" na mzee akiitikia kutoka jikoni, "Nimemwachia!"

Sungura wakakua. Siku moja daktari wa mifugo, dada mmoja aitwaye Vumilia, alipita kuchanja kuku. Akawainua sungura, akawageuza tumbo juu.

"Mzee wangu, hawa wamefika miezi minne. Korodani zimeshashuka. Huu ndio wakati wa kuwahasi."

"Mbona wanalala wamekumbatiana?"

"Wanalala kama watoto. Wakishajijua kuwa ni madume, hawatalala hivyo tena. Na sungura hapigani kwa kelele, mzee. Utakuta damu tu. Niletee wiki hii. Nitawachoma sindano ya usingizi, hawatajua lolote."

Mzee alikubali, na alikubali kwa moyo. Angewapeleka, kama siku ile asingepita penye mzani wa tangawizi.

Pale alikuwapo Kiangi, mkulima mwenzake, ambaye habari zilikwisha kumfikia.

"Jamani, mpisheni mzee! Mbonea anahasiwa!"

Watu wakaangua kicheko.

"Pole sana, mzee. Kwani kwa umri huo bado ulikuwa unasumbua?"

"Sasa tumwiteje? Maksai Mbonea!"

Ulikuwa utani tu. Siku nyingine angewajibu na kuwashinda. Lakini neno lile, maksai, neno la ng'ombe aliyehasiwa ili akokote jembe, lilimfuata mpaka nyumbani. Jina Mbonea lilikuwa la babu yake kabla halijawa lake.

Alimkuta Naetwe ametandika nyasi kwenye kikapu.

"Babu, kesho tunaondoka saa ngapi?"

"Hatuendi. Bado wadogo."

"Lakini daktari amesema..."

"Daktari amewaona mara moja. Mimi nawaona kila siku. Hao ni ndugu, hawawezi kudhuriana."

Sengondo akaanza kumpanda mwenzake na kurusha mkojo ukutani. Mzee akasema wanacheza. Manyoya yakatapakaa bandani. Mzee akasema wanabadili manyoya. Naetwe akaomba banda la pili, mzee akasema tukivuna. Jioni mtoto aliita, "Sengondo, mwache Mbonea!" na jikoni hakuna aliyeitikia.

Asubuhi moja Naetwe alitoka bandani bila kulia. Alileta kikapu, sungura Mbonea akiwa ndani, akakiweka miguuni pa babu yake. Mzee aliangalia ndani mara moja tu. Akakibeba, akashuka mlima, karibu anakimbia, na mtoto nyuma yake.

"Mhasi, daktari," alisema kabla ya salamu. "Mhasi leo hii. Wacheke wanaotaka kucheka."

Daktari Vumilia aliondoa nyasi. Alitazama, akatazama tena, kisha akayarudisha majani taratibu.

"Amekwisha kuhasiwa, mzee."

"Na nani?"

"Na ndugu yake. Kwa meno."

Mzee hakuelewa, au hakutaka kuelewa.

"Ndivyo wanavyopigana madume wa sungura," daktari alisema kwa sauti ya chini. "Hulenga palepale. Mimi ningempa usingizi kwanza."

Sungura alikufa mezani, mkono wa Naetwe ukiwa mgongoni mwake.

Njiani kurudi mtoto ndiye aliyeanza kusema.

"Babu, kosa ni langu. Nisingempa jina lako, angepona."

Mzee alisimama. Alitafuta kivuli cha uongo wa kumfariji, hakukipata.

"Hapana, mjukuu wangu. Wewe ulimpa jina kwa kumpenda. Mimi nililitunza jina, nikamwacha yeye."

Naetwe alimpita, akaendelea kutembea.

Kesho yake mzee alimbeba Sengondo, akapita naye penye mzani, katikati ya watu.

"Leo zamu ya nani?" Kiangi aliuliza.

"Sengondo, mdogo wangu. Anakwenda kuhasiwa."

Hakuna aliyecheka.

Sungura yule alihasiwa, akapona upesi. Naetwe alimlisha na kumfagilia banda. Lakini hakumwita kwa jina, wala babu yake hakumwita "Babu" tena. Alikula akiambiwa kula. Alilala akiambiwa kulala.

Funzo: Jambo la lazima lina wakati wake. Ukilikimbia kwa kuogopa kuchekwa, litatendeka bila wewe, na kwa ukatili ambao mkono wako usingeufanya.