Sinia Moja, Milango Mitatu

Hapo zamani, zamani ambayo ukiikaribia inanukia iliki, palikuwa na mji wa vichochoro vyembamba, vyembamba hata majirani walipeana chumvi dirishani. Katika mji huo sahani haikurudi tupu. Ukiletewa chakula, ulirudisha sahani na kitu juu yake: ndimu, kiganja cha asumini, au jani la mrehani tu kama huna kitu. Ndivyo sahani zilivyotembea mjini humo mchana kutwa, zikienda na kurudi kama pumzi.

Mwanakombo alikuwa mjane mwenye kitoto kimoja, Zuwena, na jiko moja uani. Alipika mkate wa kumimina, ule wa mchele na tui, unaoiva kwa moto wa chini na moto wa juu. Mama yake alifariki kabla hajamfundisha, kwa hiyo alipika kwa kukumbuka harufu. Kaka yake Makame alikuwa amemwambia wazi: Maulidi yakipita na jiko hilo halijawalisha, afunge mlango, aje akae shamba kwa mkewe. Mwanakombo alimjua wifi yake. Tena aliipenda nyumba yake, kivuli chake cha asubuhi, mlango wake unaolia ukifunguliwa. Hakutaka kuufunga.

Basi akapika. Akatwanga mchele uliorowekwa, akatia tui, akatia hamira, akafunika bakuli, akaingia ndani kumlaza Zuwena. Akamwimbia. Wimbo ukawalaza wote wawili. Mama akaota ukungu mweupe unapanda ukutani, unapanda, unamwagika kichochoroni, na watu wanaogelea ndani yake wakicheka. Alipoamka, unga ulikuwa umeumuka hadi ukashuka. Hakuwa na moyo wa kuumwaga. Akaongeza iliki, akamimina, akaoka, akapeleka kwa majirani waonje.

Sahani ikatoka, sahani ikarudi.

Bi Kazija, mpishi wa harusi, aliirudisha kwa mkono wake. Juu ya sahani ulikuwa mkate uleule, umemegwa mara moja, na kando yake punje moja ya iliki. Akasimama barazani, mbele ya wanawake wote.

"Mwanakombo, mkate wako una iliki kama mtu anayeficha jambo. Unaficha nini?"

Wanawake wakacheka. Mmoja akauliza kama ule ni mkate au ni dawa ya tumbo. Mwanakombo akacheka nao, kisha akaenda kulia uani. Machozi yalipokauka, swali likabaki: unaficha nini? Kesho yake alioka bila iliki, akauonja mkate wake ukiwa umevuliwa mtandio. Ulikuwa mchachu. Sasa akaujua ubaya, lakini hakujua unatoka wapi, maana kila unga ulipochachuka yeye alikuwa usingizini.

Hapo angeacha. Lakini mwisho wa kichochoro aliishi kizee, Bibi Mize, na sahani ya Bibi Mize ilirudi safi kila mara, imejaa asumini, pamoja na salamu: mkate umetuliwaza, lete mwingine. Kila mara hivyo. Mtu mmoja anaula, Mwanakombo akajiambia, na mchi ukalia tena kinuni.

Sahani ikatoka, sahani ikarudi.

Safari hii ilikwenda kwa Bi Sichana, ambaye Maulidi ya mji yangesomwa nyumbani kwake. Ilirudi tupu. Hapana ndimu, hapana jani. Imeoshwa, imefutwa, tupu. Jambo hilo halijapata kuonekana mjini humo.

Mwanakombo akakaa chini uani na sahani miguuni. Bakuli la unga alikuwa amekwisha kulichanganya, lakini hakuwa na nguvu ya kulifunika wala ya kuingia ndani. Zuwena akalala mapajani mwake palepale. Mama akatazama tu. Unga ukapanda polepole. Vipovu vikafumbua macho, vikafumba. Mtoto akapumua, unga ukapumua, na ua la asumini likadondoka kutoka ukutani bila kuharakisha. Kisha Zuwena akageuka ubavu, na wakati huohuo unga ukafika ukingoni, ukatetemeka, ukaanza kushuka. Mwanakombo akaona: uchachu unaanzia hapa. Hakuwahi kuutazama unga wake akiwa macho.

Tangu siku hiyo alichanganya mtoto akishalala, akakaa karibu. Zuwena akigeuka, yeye anamimina.

Mkate ukatoka mweupe, mlaini, una vitundu kama sega. Bi Sichana akaonja, akaagiza mikate yote ya Maulidi. Makame akaja, akala, akarudi shamba peke yake.

Sasa, mji huo ulikuwa na desturi nyingine. Mpishi akikubaliwa, humpelekea aliyemfundisha sinia moja la mkate mzima. Kuukata ni kumtukana mwalimu. Kupeleka masinia mawili ni kusema hukufundishwa na mtu. Na mlango utakaoupigia hodi, jina la mwenye mlango utaitwa nalo maisha yako yote: mwanafunzi wa fulani.

Baada ya Maulidi wanawake wakajaa uani kwa Mwanakombo.

"Sinia langu hilo," akasema Bi Kazija. "Wengine walinyamaza, mimi nilisema."

"Ulisema mbele za watu, Bi Kazija."

"Ningekunong'oneza ungesahau."

Bi Sichana akatikisa kichwa. "Yeye alikuonyesha ugonjwa tu. Aliyekukalisha chini ukautazama ni mimi. Ningeweka ndimu moja kwenye ile sahani, ungesema ahsante ukaendelea kukosea. Unadhani ni rahisi kurudisha sahani tupu?"

Bibi Mize alikuwa amekaa pembeni. Wakamshikilia aseme.

"Mimi sidai, mjukuu wangu. Mkate wako sikuula hata siku moja. Niliwapa kuku."

Wanawake wakatazamana.

"Na kuku nao walikuwa wakitazamana kwanza," akaongeza.

Wanawake wakacheka wakashika mbavu. Bi Kazija akasema basi sinia liende bandani. Bibi Mize akangoja kicheko kiishe.

"Lakini asubuhi nilikuwa nausikia mchi wako. Nikajua siku nikikwambia kweli, sitausikia tena."

Mwanakombo akamtazama. Katika yote aliyotendewa, uongo huo ndio uliomchoma zaidi, na asingeweza kusema angekuwa wapi bila huo.

Akajitwika sinia, akambeba Zuwena, akatoka. Mlango wa Bi Kazija uko wazi kulia. Wa Bi Sichana uko wazi kushoto. Wa Bibi Mize uko mwisho wa kichochoro, na kuku wake wamekaa kizingitini. Mvuke wa mkate unapanda kama ule ukungu wa ndotoni, na Zuwena, begani, anaanza kusinzia.

Nanyi mnaosikiliza, mmoja alisema, mmoja alinyamaza, mmoja alidanganya. Mkate unapoa, mama wa watu kasimama njiani. Je, apige hodi kwa nani?