Msondo wa Bi Kijakazi

"Mchambua ngoma hucheza kimya." Mmeisikia leo mkacheka, mkadhani ni maneno ya walevi. Kaeni basi. Methali hii ilianza hivi.

Bi Kijakazi alikuwa akipiga msondo, ngoma ndefu aliyoachiwa na bibi yake. Bibi huyo aliletwa pwani kutoka Nyasa na mnyororo shingoni, na mapigo ya kwao ndiyo mali pekee ambayo hakunyang'anywa. Kikundi kizima cha muziki alichopigia kiliyafuata mapigo hayo.

Liwali Nasoro alipomwoza mwanawe, alikiita kikundi kimsindikize bwana harusi. Watu wamejaa njiani, akamnyooshea kidole Bi Kijakazi.

"Wewe kaa kando. Nina wageni wa heshima, sitaki ngoma ya watumwa. Nataka muziki wetu, safi."

Bi Kijakazi akaketi kando, lakini hakunyamaza.

"Haya Liwali, tuusafishe." Akawageukia wapigaji wenzake. "Shee, weka udi wako chini, ulitoka Arabuni kama babu yake Liwali. Mwinyi, kinanda chako cha Bara Hindi. Na wewe wa fidla, hiyo ni ya Wazungu, ilaze hapo."

Wote wakaweka chini. Akabaki mwimbaji.

"Nawe mwanangu, nusu ya maneno yako yamevuka bahari. Funga kinywa."

"Unaniaibisha!" Liwali akafoka.

"Nimekusaidia kuchambua tu. Nendeni, njia nyeupe."

Liwali na watu wake wakaenda kwa ukaidi, wapigaji wakabaki na vyombo vyao. Mitaa mitatu, hakuna kilichosikika ila viatu. Na ada ya mji ule ni kwamba mlango wa bibi harusi haufunguliwi mpaka ngoma ilie. Wakabisha hodi. Mama wa bibi harusi akauliza toka ndani, "Mmeleta harusi au maiti?"

Umati ukaangua kicheko. Liwali akarudi mwenyewe, jasho likimtiririka, mpaka pale alipomketisha Bi Kijakazi.

"Njoo upige, mama. Sitaiita tena ngoma ya watumwa."

"Iite," akasema Bi Kijakazi, akisimama. "Ni ya watumwa, nami siionei haya. Itatangulia mbele ya wageni wako, na ndiyo itakayokufungulia mlango."

Akatangulia, wenzake wakaokota vyombo vyao wakamfuata. Msondo ukalia, udi na fidla na kinanda vikaudaka. Mlango ukafunguka kwa vigelegele, na mama wa bibi harusi, aliyekwisha kusimuliwa na umati, akamtazama Liwali usoni, akamwambia mbele ya wote:

"Karibu, bwana. Mchambua ngoma hucheza kimya."