Zamu za Kisima

Paukwa!
Pakawa!
Pakawa wapi?
Pakawa nyikani, nyikani ofisi, ofisini kompyuta!

Basi kiangazi kilikuwa kikali, kisima kimebaki kimoja. Zamu za kunywa ziliandikwa kwenye kompyuta, na kilichoandikwa mle hata Tembo alikitii. Karani alikuwa Mama Kobe. Huyu mafaili yote kayaacha wazi, kila mnyama aandike apendavyo. "Nikiyafunga mtanisumbua," alisema.

Kiboko kusikia hivyo, mbio ofisini. Kwa kidole kinene, ti! ti! ti! Jumatatu Kiboko, Jumanne Kiboko, mpaka Jumapili Kiboko.

Akaja Sange, yule mdogo mwenye pua ndefu, na watoto wanne, ndimi zimewakauka.

"Shikamoo, Mzee Kiboko. Watoto wanaomba tone tu."

"Marahaba. Jina lako limo?"

"Halimo, mzee."

"Basi! Kilichoandikwa kimeandikwa!"

Roho ikamuuma Sange. Akaenda ofisini, pua kwenye kompyuta, fu! fu! fu! Faili la kwanza: yeyote aandika. La pili: yeyote aandika. La tatu, la zamu: yeyote aandika!

"Mama Kobe, hata mimi naweza kuandika humu?"

"Hata siafu, mwanangu."

"Nikimaliza nilifunge, uandike wewe peke yako?"

"Lifunge, mradi mimi siinuki."

Sange akacheka kimoyomoyo. Jina la Kiboko hakuligusa hata siku moja. Kule juu tu, palipoandikwa Zamu za Kunywa, alifuta neno moja akaweka jingine. Kisha akalifunga, ka!

Kesho yake wanyama wote wako kisimani. Kiboko huyo, tumbo mbele. "Tokeni! Tembo, wasomee!"

Tembo akasoma: "Zamu za Kuchota. Jumatatu Kiboko. Jumanne Kiboko..."

"Nini?" Kiboko mbio ofisini. Ti! ti! ti! Kompyuta ikamjibu: huna ruhusa. Akamgongea Mama Kobe gamba, ko! ko! ko! Mama Kobe kajikunyata ndani, hainuki ng'o.

Akarudi anatweta. Sange akamkabidhi ndoo kwa mikono miwili, kwa adabu zote. "Mzee wangu, kilichoandikwa kimeandikwa."

Chubwi! Kiboko akachota. Watoto wa Sange wakanywa wa kwanza, gu! gu! gu!

Funzo lake, wanangu: faili la mwenzio usiliguse, hata ukilikuta wazi. Sange mwenyewe huwafundisha wanawe hivyo hivyo, wakishashiba maji.

Ngano yangu imefika hapo. Ikikupendeza, ibebe. Isipokupendeza, iache wazi, mwingine aje aandike.