Kamba Moja, Mashamba Mawili

Chawa ni mdudu mdogo, lakini mbane kwa kidole kimoja uone: atateleza, atajificha, na kesho atakung'ata tena. Watu wazima wawili waliusahau ukweli huo, na nusura binti wa mfinyanzi aukose mtihani wa darasa la saba.

Asubuhi ya mtihani binti huyo, aliyeitwa Kengele kwa ukali wa sauti yake, alikuwa juu ya dungu, jukwaa la kulindia shamba, akiamia ndege wasile nafaka. Ndani ya gauni kuukuu alikuwa amevaa sare ya shule. Mtama ulikuwa umeiva, na ndege wameushukia kama wageni wasioalikwa. Kila mavuno madarasa yalipukutika, watoto wakibaki mashambani kuwafukuza. Mwaka uliopita dada yake aliukosa mtihani hivyo hivyo, na shule ikaishia hapo.

"Hoyaa! Hoyaa!" Kengele alipiga kelele, akavuta kamba yenye makopo. Ndege wakaruka, wakatua shamba la jirani, mshonaji wa nguo. Huko mwana wa mshonaji, Sindano, mwembamba kweli kweli na mwanafunzi wa darasa lao, akavuta makopo yake. Ndege wakarudi. Mama zao walikuwa hawasemezani tangu mbuzi wa mshonaji alipokula miche ya mfinyanzi; kila mmoja alimfukuzia mwenzake ndege, akaona amemkomoa.

Mara Kengele akaona kola nyeupe ikichungulia chini ya shati chakavu la Sindano. Kumbe naye! Akaruka chini.

"Sindano, lete kamba yako tuziunge!"

"Mama ataniua."

"Mtihani ukitupita tumekwisha vile vile. Lete!"

Wakaziunga mpakani, wakavuta kwa pamoja. Makopo yakalia mashamba yote mawili kwa mpigo mmoja. Ndege wakapaa, wakazunguka, wakakosa pa kutua, wakatokomea ng'ambo ya kilima. Sindano akarukaruka kwa furaha.

Mama zao, waliokuwa wakiamia pembeni mwa mashamba, wakaja mbio.

"Nani kagusa kamba yangu?" mfinyanzi akafoka.

"Mama, sasa kamba ni moja. Mkiivuta wewe na Mama Sindano, sisi tutawahi mtihani. Tafadhali, mama!"

"Nivute kamba na mwenye mbuzi yule?"

"Jirani," mshonaji akadakia, "mbuzi mwenyewe alishakufa. Bado unagombana na marehemu?"

Mfinyanzi alijaribu kununa, kicheko kikamponyoka. Papo hapo kundi jingine la ndege likashuka, na wote wawili wakaidaka kamba bila kuambizana.

"Mnangoja nini?" mfinyanzi akawageukia watoto. "Kimbieni!"

Walitimua mbio, wakivua nguo za shamba njiani. Shuleni mwalimu mkuu alikuwa amekwisha kushika kitasa cha mlango wa chumba cha mtihani, aufunge.

"Tupo! Mwalimu, tupo!" Sauti ya Kengele ilifika kabla yake, na mlango haukufungwa.

Jioni waliwakuta mama zao dungu moja, sauti zimewakauka, mtama umesimama vile vile.

"Tumefanya! Maswali yote!"

Mfinyanzi akapiga kigelegele kilichotoka kwa mkwaruzo. Kisha akamwona binti yake mkubwa akija na ndoo ya maji, na machozi yakamlenga.

"Mwanangu, kamba hizi zilikuwapo mwaka jana pia. Kesho nitakupeleka mwenyewe kwa mwalimu mkuu, uanze tena."

Ndoo ikaanguka, maji yakamwagika, na hakuna aliyeyajali.

"Mimi na jirani tutaamia," mfinyanzi akasema, akimshika mshonaji mkono. "Kidole kimoja hakivunji chawa."