Chungu cha Vijiko Viwili

Chungu cha wageni huonjwa kwa vijiko viwili. Mmeisikia leo mezani, mkacheka, kisha mkauliza nani aliyeisema kwanza. Acheni kumenya kamba kidogo mnisikilize. Methali hii ina mwanzo wake, na mwanzo wenyewe ni huu.

Alikuwako mjane mmoja, Osite, katika wale Waakadia walioshushwa hapa Luiziana baada ya kufukuzwa kwao kaskazini. Huko walilima ngano na kuzungumza Kifaransa cha mababu zao. Siku moja askari wa mfalme wa Waingereza wakawaita wanaume wote kanisani, eti kuna tangazo. Walipokwisha kuingia, mlango ukafungwa. Kilichofuata ni merikebu, na nyumba zikiteketea nyuma yao. Mume wa Osite aliingia mlango ule, na Osite hakumwona tena. Tangu hapo hakuamini mwaliko, wala zawadi, wala mlango uliofungwa.

Huku kwenye vinamasi ngano ilioza ikingali changa. Osite alibaki na baba mkwe wake, mzee Basili, na binti yake Modesta, ambaye homa ilimwacha mifupa mitupu. Kila alicholishwa alikitapika. Siku ya nne ya kutapika huko, Basili alitoka na kapu la kamba wa matopeni. Osite akakaanga kwa mafuta unga wa mwisho waliopewa melini, mpaka ukawa rangi ya udongo, akamimina maji na kutia kamba. Mchuzi ukatoka mwepesi, hauna mshiko.

Ndipo akaingia Talowa, mwanamke wa Wachokto, wenyeji wa nchi hii, aliyekaa ng'ambo ya mto. Alijua Kifaransa cha kuokoteza kwa wachuuzi. Alisema amesikia mtoto akitapika, akafungua kitambaa. Ndani yake mlikuwa na bamia alizopewa na Waafrika waliokuwa watumwa shamba la jirani, na unga wa kijani wa majani makavu. Bila kungoja jibu akatia vyote chunguni. Mchuzi ukashikana, ukanukia vizuri. Halafu, kwa sababu ya mbu, akausukuma mlango ukafungika.

Osite alisikia kitasa kikigonga. Akaufungua mlango upesi, akarudi na kusimama kati ya chungu na kitanda cha mwanawe, kisu cha jikoni mkononi.

Alipakua. Talowa akapokea bakuli, akaliweka magotini, hakula. Osite akamtazama. Kwao Osite mpishi hula mwisho, hivyo naye hakula. Basili aliponyoosha mkono, mkwewe akaupiga. Kitandani Modesta alikuwa akiomba chakula kwa sauti ya paka, na hakuna aliyempa. Mbu wakaingia, mchuzi ukaanza kupoa. Osite alijua mtoto hatafika kesho kutwa bila kitu tumboni. Alijua pia kwamba anayeleta chakula asichokila mwenyewe ana neno moyoni.

"Mbona huli?" akauliza mwishowe.

"Nakungoja. Chungu ni chako," Talowa akajibu. "Mgeni hamtangulii mwenye nyumba. Na wewe mbona huli?"

"Mpishi hula mwisho."

"Kaka yangu alikula kwa watu walioshuka melini kama ninyi. Hakurudi. Nami nakuona umeshika kisu, mwenzangu."

Osite alikitazama kisu kana kwamba mtu mwingine ndiye aliyemshikisha. Muda wote alikuwa akimpima mgeni, na hakufikiri hata kidogo kwamba mgeni naye anampima.

"Chungu changu, unga wako," akasema. "Mwenye hila hapa ni mmoja wetu au hayupo."

"Basi tujue pamoja."

"Nanyi mkianguka wote wawili," Basili akadakia, "mimi mzee nitachimba makaburi kwa mgongo huu? Moja litatosha, mtabanana."

Talowa alicheka kwanza. Osite akaweka kisu, akachukua vijiko viwili vya mti, akampa kimoja. Wakachota chungu kimoja, kwa wakati mmoja, wakatazamana machoni mpaka wakameza.

Wakangoja. Hakuanguka mtu.

Ndipo Osite akaketi kitandani na kumlisha Modesta. Kijiko cha kwanza kikakaa tumboni. Cha pili kikakaa. Cha tatu mtoto alikishika mwenyewe.

Tangu siku ile, chungu cha nyumba ile kilikuwa cha wote: unga wa kukaanga wa Waakadia, majani ya Wachokto, bamia za Waafrika. Maneno nayo yalichanganyika hivyo hivyo, kila mmoja akiazima la mwenzake alipopungukiwa, mpaka ikawa lugha hii tunayoisema leo. Msidhani waliaminiana upesi. Mwaka mzima Osite aliacha mlango wazi Talowa akija, na Talowa hakutia kitu mdomoni kabla yake. Lakini kando ya chungu viliwekwa vijiko viwili daima, na mtoto aliyeuliza aliambiwa vile mlivyoambiwa ninyi: chungu cha wageni huonjwa kwa vijiko viwili.